Taarifa Kabla ya Kisu: Mwongozo wa Kuripoti Magonjwa Hatari ya Mifugo kwa Mfugaji wa Tanzania

Ng'ombe aliyelala mzima jioni akikutwa amekufa alfajiri, kitu cha kwanza kinachotafutwa katika maboma mengi ni kisu. Hoja huwa ni ileile: nyama isiharibike, ngozi isioze, na hasara ipungue angalau kidogo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya saa hiyo, kabla kisu hakijatoka alani, kwa sababu mambo yanayofanyika katika saa chache za mwanzo ndiyo yanayoamua kama ugonjwa utaishia kwenye zizi moja au utafika mnadani, na kutoka mnadani kuingia katika wilaya tatu au nne.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Namba 17 ya mwaka 2003, inamtaka mwenye mnyama, pamoja na yeyote anayemwangalia kwa niaba yake, kutoa taarifa bila kuchelewa anapoona au anaposhuku kwamba mnyama ana ugonjwa ambao sheria imeagiza utolewe taarifa. Zanzibar ina sheria na idara yake, kwa kuwa mifugo si jambo la Muungano. Na Kenya ina Sura ya 364 ya sheria zake, ambayo wajibu wake unafanana na huu. Neno la kushikilia katika haya yote ni "anaposhuku". Mfugaji hatakiwi awe na uhakika, wala hatakiwi alijue jina la ugonjwa. Kuthibitisha ni kazi ya daktari wa mifugo na maabara. Wengi wanaochelewa huchelewa kwa kutaka kwanza kujiridhisha, na kwa kawaida njia yao ya kujiridhisha ni kumpasua mnyama au kumchoma sindano ya kila dawa iliyopo dukani.

Ieleweke pia kwamba wajibu huu hauishii kwa tajiri mwenye ng'ombe. Mchungaji wa kuajiriwa aliye porini na kundi, wakati mwenye mali anaishi mjini, ndiye anayewaangalia wanyama siku hiyo, na kwa hiyo naye anahusika. Mwenye mali anayewaajiri vijana awaachie namba ya simu ya afisa mifugo na ruhusa ya kuipiga bila kumsubiri yeye.

Hatua ya kwanza: jua dalili zinazotosha kupiga simu

Miongoni mwa magonjwa yanayotakiwa kutolewa taarifa ni kimeta, homa ya bonde la ufa, ugonjwa wa miguu na midomo, homa ya mapafu ya ng'ombe, homa ya mapafu ya mbuzi, sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa mapele ngozi, homa ya nguruwe ya Afrika, kichaa cha mbwa, mafua makali ya ndege na mdondo wa kuku. Orodha kamili hupatikana katika ofisi ya mifugo ya halmashauri. Hata hivyo, mtu hapigi simu kwa sababu ameikariri orodha. Anapiga kwa sababu ameona jambo lisilo la kawaida, na mambo hayo si mengi.

La kwanza ni kifo cha ghafla, hasa mzoga unapovimba upesi, usipokakamaa kama ilivyozoeleka, na damu nyeusi isiyoganda inapotoka puani, mdomoni au sehemu ya haja kubwa. Hiyo ni sura ya kimeta mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Mikoa ya Arusha na Kilimanjaro imekuwa na historia ndefu ya ugonjwa huu, kwa mifugo na kwa wanyamapori pia, lakini hakuna mkoa ambao mfugaji wake anaweza kusema kwamba kimeta hakimhusu.

La pili ni mimba kutoka kwa wingi. Mbuzi mmoja akitupa mimba, sababu zinaweza kuwa nyingi. Kondoo, mbuzi na ng'ombe wengi wakitupa ndani ya siku chache, huku wana-kondoo wachanga wakifa, na hasa kama mvua kubwa imenyesha na mbu wamezidi, taarifa itolewe siku hiyohiyo kwa kushuku homa ya bonde la ufa. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na umekuwa ukirejea baada ya mvua zilizopita kiasi, wakati mwingine baada ya miaka mingi ya ukimya ambayo humfanya kila mtu ausahau. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliikumba Kenya, Somalia na Tanzania, na nchini Tanzania peke yake uliua watu zaidi ya 100. Wengi wa wanaoambukizwa huupata kwa kushika damu, nyama mbichi, au vitoto vilivyotupwa na majimaji yake.

La tatu ni udenda unaochuruzika pamoja na kuchechemea. Ng'ombe mwenye malengelenge mdomoni na kwenye kwato anaweza kuwa na ugonjwa wa miguu na midomo. Hapa kuna tatizo la mazoea: wafugaji wengi wameuona ugonjwa huu mara nyingi kiasi kwamba hawauoni tena kuwa habari, kwa sababu ng'ombe wakubwa hupona. Kwa afisa mifugo bado ni habari kubwa. Nchini Tanzania zimewahi kupatikana aina nne za kirusi chake, yaani O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo ya aina moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine. Asipopatikana mtu wa kutoa taarifa, sampuli haichukuliwi. Na sampuli isipochukuliwa, chanjo itakayonunuliwa inaweza kuwa ya aina isiyo kwenye mifugo.

Kwa mbuzi na kondoo, machozi na makamasi mazito, vidonda mdomoni, kuhara na vifo vya wengi kwa pamoja ni dalili za sotoka yao, ambayo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008. Kukohoa na kuhema kwa shida kunakoenea taratibu kundini kunaashiria homa ya mapafu. Vinundu vigumu vinavyojaa mwilini mwa ng'ombe mwenye homa ni dalili ya mapele ngozi. Nguruwe wanaokufa kwa mfululizo, masikio na tumbo vikiwa vyekundu au vya zambarau, washukiwe homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na ambao hauna tiba. Kuku wakifa wengi kwa siku mbili au tatu, usiseme tu kwamba ni mdondo wa kila mwaka, kwa sababu kwa macho hautofautishwi na mafua makali ya ndege.

Dalili ya mwisho, ambayo haimo katika mabango mengi, ni binadamu mwenyewe. Mtu aliyechinja au kuchuna juzi na leo ana kidonda chenye kigaga cheusi, au ana homa kali, ni sehemu ya taarifa ya mifugo. Apelekwe kituo cha afya na mganga aambiwe bila kificho kwamba mgonjwa alishika mzoga.

Hatua ya pili: usiuguse mzoga

Kimeta ndicho kinachotufundisha sababu. Bakteria wake, wakiwa ndani ya mzoga uliofungika, hufa kadiri mzoga unavyooza. Mzoga ukifunguliwa na damu ikakutana na hewa, hujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini kwa miaka mingi, hata makumi ya miaka, zikingoja ng'ombe mwingine aje kula majani mahali hapo. Mtu anayempasua ng'ombe wa kimeta ili "aone kilichomuua" anakuwa ameipanda mbegu katika malisho yake mwenyewe na ya watoto wake.

Kwa hiyo mnyama aliyekufa ghafla asichunwe, asipasuliwe, asiburutwe kwenda kichakani na asitupwe korongoni. Aachwe alipoangukia. Mzoga ufunikwe kwa turubai ikiwezekana, uzungushiwe miiba, na awekwe mtu mzima wa kuulinda dhidi ya mbwa, fisi, tai na majirani. Nawataja majirani kwa makusudi, kwa kuwa katika vijiji vingi mzoga uliokatazwa mchana huliwa usiku. Mlinzi akae upande upepo unakotoka, na asiwe na sababu ya kuugusa. Kuchoma au kufukia kufanyike kwa maelekezo ya mtaalamu: shimo la haraka lisilo na kina hufukuliwa na fisi usiku uleule, na moto wa kuni chache huunguza ngozi na kuuacha mwili wazi, jambo ambalo ni baya kuliko kutouchoma kabisa.

Aliyekwishaugusa mzoga anawe kwa maji mengi na sabuni, avue nguo alizovaa, na amtaje kila aliyeshirikiana naye, pamoja na kila nyumba iliyopelekewa nyama. Kama nyama imeshagawanywa, sema imeshagawanywa. Nyama ya kimeta si ya kutegemea kuchemshwa. Ikusanywe yote iharibiwe pamoja na mzoga.

Mimba iliyotoka na kondo la nyuma visishikwe kwa mikono mitupu, na mbwa wasipewe. Mara nyingi wanawake na watoto ndio wanaosafisha zizi dogo la mbuzi, kwa hiyo agizo hili lisiishie kwa wanaume walioketi nje ya boma.

Hatua ya tatu: tenga, kisha simamisha kila kitu

Wagonjwa watengwe na wazima kabla hata hujapata mtandao wa simu. Mtu mmoja awahudumie wagonjwa peke yao, au, kama mikono haitoshi, wazima wahudumiwe kwanza na wagonjwa mwisho. Kundi lote lisiende josho, kisima cha pamoja wala malisho ya jumuiya. Lipelekewe maji lilipo hata kama ni kazi ngumu. Maziwa ya wagonjwa yasiuzwe.

Kusimamisha mauzo ndiko kunakoumiza, na sitaki kujifanya kwamba ni jambo jepesi. Mfugaji anayeona nguruwe wa jirani wanakufa anajua kwamba wake wanaweza kufuata, na mchuuzi anayenunua kwa bei ya kutupa hukosekana mara chache. Lakini homa ya nguruwe iliyoonekana Kyela, mpakani na Malawi, mwishoni mwa 2010, ilifika hadi Dar es Salaam, na nguruwe hawatembei umbali huo kwa miguu yao. Walipakiwa. Anayeuza mnyama anayemshuku anavunja sheria, na anampelekea hasara mtu mwingine aliyekopa ili aanze kufuga.

Dawa nazo zisubiri. Sindano ya oksitetrasaiklini, yaani dawa ya kuua bakteria, kwa mnyama mwenye kimeta inaweza kuwafanya bakteria wasionekane kwenye damu itakayochukuliwa kwa uchunguzi, na kwa ugonjwa wa kirusi kama miguu na midomo dawa hiyo haikiui kirusi chenyewe. Kama umeshachoma sindano, weka chupa au pakiti yake pembeni ili afisa aione, na taja siku uliyoitumia.

Hatua ya nne: kusanya maelezo, bila kuchelewesha taarifa

Taarifa ya "ng'ombe wanakufa huku" ni bora kuliko ukimya, ila afisa akiipata peke yake hatajua abebe vifaa gani wala aanzie wapi. Chukua daftari na, kwa muda usiozidi nusu saa, andika mambo yafuatayo.

Andika mahali kwa ukamilifu: mkoa, wilaya, kata, kijiji, kitongoji, na alama inayojulikana iliyo karibu. Simu yenye ramani ikionyesha nukta za mahali ulipo, zinakili. Andika aina ya wanyama, umri na jinsia yao, na namba za hereni kama wanazo. Kisha andika idadi tatu: wangapi wamekufa, wangapi ni wagonjwa, na wangapi wapo kwa jumla. Ya tatu ndiyo inayosahaulika karibu kila mara. Vifo vinne katika kundi la kumi ni jambo moja, na vifo vinne katika kundi la mia nne ni jambo jingine kabisa, na afisa asiyejua jumla hawezi kujua kama yuko mbele ya moto au cheche.

Eleza dalili kwa maneno yako, kama ulivyoziona na kwa mpangilio zilivyoanza. Kama lugha yako ina jina la ugonjwa huo, litaje pia: Mmasai anayesema *oloirobi* au *oltikana* anampa afisa anayelijua eneo maelezo mengi kwa neno moja, kwani la kwanza hutajwa kwa miguu na midomo na la pili kwa ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Majina hayo si ushamba. Sotoka ya ng'ombe, iliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ilisakwa hadi mabaki yake ya mwisho kwa wataalamu kuketi na wafugaji na kusikiliza walivyouelezea ugonjwa. Wagonjwa wa mwisho kuthibitishwa duniani walikuwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 ugonjwa ukatangazwa kuwa umetokomezwa. Ila jina lije pamoja na dalili, lisichukue nafasi yake.

Siku ya kwanza ya ugonjwa ina thamani kubwa. Usipoikumbuka tarehe, ipime kwa tukio: ilikuwa kabla au baada ya mnada, harusi, mvua ile kubwa, siku ya chanjo? Baada ya hapo rudi nyuma. Ni mnyama gani mgeni aliyeingia kundini, alitoka wapi, na nani alimleta? Kwa miguu na midomo, mnyama aliyeambukizwa huonyesha dalili kati ya siku 2 na 14, kwa hiyo wiki mbili zilizopita zitazamwe kwa makini sana. Homa ya mapafu ya ng'ombe inaweza kujificha kwa miezi, na hapo hata dume lililonunuliwa kabla ya kiangazi linaweza kuhusika. Mahari, mikopo ya mifugo baina ya ndugu, na ng'ombe waliohamishwa kutafuta malisho navyo vihesabiwe kama kuingia kwa mgeni, ingawa watu hawavitaji kwa sababu hakuna fedha iliyolipwa.

Malizia kwa chanjo zilizotolewa na mwaka wake, na kama wanyamapori wanachangia maji au malisho na kundi.

Hatua ya tano: piga simu, tena kwa zaidi ya mtu mmoja

Wa kwanza kupigiwa ni afisa mifugo wa kijiji au wa kata. Asipopatikana, ripoti iende kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, na kwa wakati huohuo mtendaji wa kijiji ajulishwe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kuwazuia watu kugawana nyama na kuwaita mgambo wakilinde kijiji. Daktari wa mifugo binafsi, au paraveta (msaidizi wa daktari wa mifugo) aliyezoea kuja bomani, anaweza kupokea taarifa, na sheria inamtaka aipeleke mbele. Hata hivyo muulize waziwazi ni saa ngapi ataipeleka na kwa nani. Vipo pia Vituo vya Kanda vya Veterinari vinavyohusika na ufuatiliaji wa magonjwa.

Ujumbe wa simu au wa WhatsApp unafaa kwa picha. Piga picha ya mdomo, kwato, ngozi au mzoga ukiwa mbali kidogo, bila kumshika mnyama. Picha isiwe ndiyo taarifa nzima, kwa sababu ujumbe unaweza kukaa bila kusomwa hadi jioni. Ongea na mtu.

Katika daftari lako andika jina la aliyepokea, saa, na alichokuagiza. Hili halihitaji ruhusa ya mtu yeyote, nalo ndilo litakaloonyesha kwamba ulitimiza wajibu wako endapo baadaye utaulizwa kwa nini ugonjwa ulienea. Ukipita muda wa saa chache bila jibu, panda ngazi moja juu. Nimeona taarifa njema ikilala siku tatu kwa sababu mtoa taarifa aliona haya kumruka ofisa wa ngazi ya chini aliyekuwa safarini. Heshima ya ngazi ina mahali pake, lakini kimeta hakina subira hiyo.

Hatua ya sita: mpokee afisa na linda sampuli

Afisa akifika, mpeleke kwanza kwa wazima, kisha kwa wagonjwa, na mwisho kwenye mzoga. Andaa maji, sabuni na mahali pa kuoshea viatu na matairi wakati wa kutoka. Andaa pia watu wa kuwakamata wanyama, kwani nusu ya siku hupotea kwa kuwakimbiza ndama.

Sampuli hutegemea ugonjwa unaoshukiwa: tone la damu kwenye kioo kutoka kwenye mshipa wa sikio kwa kimeta, ngozi ya lengelenge kwa miguu na midomo, damu na majimaji ya pua kwa sotoka ya mbuzi. Mfugaji asizichukue mwenyewe. Zitapelekwa kwenye maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ambayo makao yake yako Temeke, Dar es Salaam, na ina vituo katika kanda. Nyingine huvuka hadi maabara za rejea za kimataifa, kama ile ya Pirbright nchini Uingereza kwa miguu na midomo. Majibu yanaweza kuchukua siku au zaidi. Omba uambiwe majibu yatakufikia kwa njia ipi, kwa sababu malalamiko ya wafugaji kwamba damu ya ng'ombe wao huchukuliwa na hawasikii tena lolote yana ukweli mwingi, na dawa yake ni kuuliza mapema na kuuliza tena.

Hatua ya saba: karantini

Ugonjwa ukithibitishwa, au hata ukishukiwa kwa uzito, mamlaka inaweza kuweka karantini: wanyama hawaingii wala hawatoki katika eneo lililotajwa, minada hufungwa, na vibali vya kusafirisha mifugo husitishwa. Hofu ya karantini ndiyo inayofunga midomo ya watu wengi, zaidi ya kutoijua sheria. Usiitunishie kifua, uliza maswali yenye manufaa. Inaanza lini, inaishia wapi kwa mipaka ya vijiji, itapitiwa upya lini, mnyama anaweza kuchinjwa ndani ya eneo chini ya ukaguzi, na maziwa je? Kama wanyama wataamriwa kuuawa, uliza habari ya fidia kabla ya siku hiyo na upate jibu kwa maandishi, ukihakikisha kwamba idadi, umri na hali ya kila mnyama vimeandikwa na wewe umesaini. Usijenge matumaini juu ya ahadi ya mdomo.

Wakati huu taarifa yako inaendelea kusafiri. Kutoka halmashauri hufika kwa Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari katika Wizara ya Mifugo na Uvuvi, Dodoma, ambaye ndiye anayeiwakilisha nchi mbele ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lenye makao yake Paris. Shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1924, lina orodha ya magonjwa zaidi ya 100 ya wanyama wa nchi kavu, nyuki wakiwemo, na wa majini. Ugonjwa wa orodha hiyo ukitokea kwa mara ya kwanza nchini au katika ukanda fulani, ukirudi baada ya kutangazwa kwisha, ukija kwa aina mpya ya kirusi, au ukimshambulia mnyama ambaye hakuzoeleka kuupata, nchi inatakiwa itoe taarifa ndani ya saa 24 baada ya kuthibitishwa, kisha itoe za kila wiki mpaka mlipuko utulie. Magonjwa yaliyokwisha kuzoeleka nchini huingia katika taarifa za kila miezi sita. Saa 24 hizo ni za serikali. Za mfugaji zilikwisha kuanza siku aliyoona udenda wa kwanza, na kwa siku zote alizonyamaza hakuna ofisi iliyoweza kufanya lolote.

Mbwa, wanyamapori, machinjio na duka la dawa

Mbwa aliyebadilika tabia na kuuma anahitaji taarifa mbili. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na afisa mifugo apigiwe. Mbwa akiweza kufungiwa bila mtu mwingine kuumwa, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10. Akiuawa, asipigwe kichwani na asitupwe, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa. Ng'ombe au punda aliyeumwa na mbwa wa namna hiyo naye aingie kwenye taarifa, hata kama bado anaonekana mzima, kwani ugonjwa huchukua wiki au miezi kujitokeza.

Mizoga ya wanyamapori isiyo na majeraha iripotiwe kwa askari wa wanyamapori walio karibu, iwe ni wa TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) au Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na afisa mifugo ajulishwe pia. Swala au nyumbu kadhaa waliokufa karibu na kisima wanaweza kuwa habari za kundi lako za wiki ijayo.

Mkaguzi wa nyama machinjioni, msafirishaji na muuza duka la dawa za mifugo wote huona mambo ambayo ofisi haijayaona. Muuza duka hasa: wateja watano kutoka kitongoji kimoja wakinunua dawa ileile asubuhi moja, amepata taarifa kabla ya daktari wa wilaya. Aandike kitongoji na kile wateja walichosema wameona, kisha apige simu.

Baada ya wimbi kupita

Taarifa haifungwi na simu ya kwanza. Mgonjwa mpya, kifo kipya, au mnyama aliyetoroka kundini na kuchanganyika na wa jirani, vyote viripotiwe vinapotokea. Ugonjwa ukitulia, sema umetulia na utaje tarehe ya mgonjwa wa mwisho, kwani tarehe hiyo ni miongoni mwa mambo yanayotazamwa wakati wa kuamua karantini iondolewe lini. Mahali mnyama wa kimeta alipofukiwa pawekewe uzio na alama ya mawe, watoto waonyeshwe, na uombe chanjo ya kimeta ya kila mwaka kwa kundi lote linalolisha karibu na hapo, ukianza na msimu ujao.